Hiyo unayopulizia sio dawa, ni sumu

Nimepotea kidogo, mitihani ya semista ilinibana mpaka muda wa kufua ukawa shida. Sasa imekwisha, majibu tumwachie Mungu. Leo siandiki habari za boom kuchelewa wala foleni ya kantini. Leo nina neno moja tu linalonisumbua kichwa, nalo ni neno "dawa".

Sisi tunaosoma kilimo hapa Morogoro tunalitamka neno hili mara mia kwa siku. Dawa ya nyanya. Dawa ya kabichi. Dawa ya kuhifadhia mahindi. Dawa ya panya. Mkulima anaenda shambani "kupiga dawa", mwenye duka la pembejeo anauza "dawa", na sisi tukienda vijijini kwa mazoezi ya vitendo tunawauliza watu wametumia "dawa" gani. Wataalamu wametupa neno rasmi, kiuatilifu, na ukilisikiliza vizuri utasikia kuua kumo ndani yake. Lakini neno hilo linaishia kwenye semina na kwenye vibao vya ofisi. Shambani ni dawa, full stop kama wasemavyo wenzetu.

Hebu fikirieni. Neno hilo hilo ndilo tunalotumia kwa vidonge vya malaria na maji ya kikohozi ya mtoto. Dawa inaponya. Dawa ukizidisha kidogo, labda utapona haraka zaidi. Dawa ukiimwagikia mkononi, unafuta kwenye suruali maisha yanaendelea. Nani anaogopa dawa? Sasa chukua akili hiyo uipeleke kwenye chupa yenye kemikali iliyotengenezwa makusudi iue kitu chenye uhai. Hapo ndipo tulipo.

Naomba niseme mambo mawili leo. La kwanza, jina hili linatudanganya, tuliache. La pili, na ndilo kubwa, kwa kuwa tumeshaliita dawa tumejenga somo zima linaloitwa "matumizi salama", somo ambalo kazi yake kubwa ni kumlaumu mkulima kwa kutovaa glavu, wakati dawa ya tatizo lenyewe (hapo neno linafaa!) ipo kwenye rafu ya duka na kwenye orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kuuzwa.

Tuanze na sumu yenyewe, maana watu wengi wanaisikia tu.

Mwaka 1936 mkemia mmoja wa Ujerumani aitwaye Gerhard Schrader alikuwa anatafuta kemikali mpya za kuua wadudu wa mazao. Akatengeneza kitu kikali mno, na yeye mwenyewe maabara kikamdhuru. Kitu hicho kilikuja kuitwa tabun, na jeshi la Ujerumani likakichukua kama silaha. Miaka miwili baadaye ikafuata sarin. Yaani gesi za sumu za vitani zilizaliwa kwenye kutafuta kiuadudu, na ndugu zake wapole zaidi wakarudi shambani. Kundi hilo lote linaitwa oganofosfeti. Ndani yake yumo malathion, yumo diazinon, yumo chlorpyrifos, yumo monocrotophos. Nguvu yao haifanani hata kidogo, lakini namna ya kufanya kazi ni moja.

Inafanyaje? Mishipa ya fahamu ikitaka kuuamuru msuli, inatoa kemikali iitwayo asetilikolini. Ni kama konda anavyogonga bodi la daladala: akigonga, dereva anasikia na kutii, na mlio ukinyamaza dereva anasubiri ishara nyingine. Mwilini kuna kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, kazi yake ni kuunyamazisha huo mlio. Oganofosfeti inakishika kimeng'enya hicho na kukizuia. Matokeo yake konda anagonga bila kuacha. Mate yanatoka, machozi yanatoka, jasho linatiririka, tumbo linauma, mtu anatapika na kuharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inacheza cheza yenyewe, mapafu yanajaa majimaji. Ikizidi, misuli ya kupumulia inachoka, na mtu anakufa kwa kukosa pumzi. Kundi jingine, la kabameti, linafanya vilevile ila lenyewe hukiachia kimeng'enya baada ya muda.

Mdudu ana mfumo huo huo wa fahamu, ndiyo maana anakufa. Ndiyo ujanja wote. Sumu haina macho ya kumtambua kiwavi na kumwacha aliyebeba bomba.

Sasa mkulima aliyepulizia mchana kutwa jioni anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, macho yanaona ukungu. Anasema ni uchovu. Mwingine anasema ni malaria. Anameza vidonge viwili vya kutuliza maumivu, analala, kesho anarudi. Ni sumu, jamani, ni dozi ndogo. Na kimeng'enya kilichozuiwa na oganofosfeti kinaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi kawaida, kwa hiyo dozi ya leo inamkuta akiwa bado na deni la ile ya wiki iliyopita.

Najua mnachotaka kusema. Tulipobishana jambo hili bwenini, mshikaji mmoja alinijibu kwa ile hoja maarufu ya Paracelsus, yule tabibu wa karne ya 16, kwamba kila kitu ni sumu, kinachotofautisha ni kiasi. Hata chumvi ukila nyingi utakufa. Sawa kabisa. Lakini hoja hiyo ina maswali matatu ndani yake ambayo watu huyaruka: kiasi gani, kwa nani, na kwa muda gani?

Tuchukue lile la kiasi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapanga viuatilifu kwa madaraja kufuatana na kiasi kinachoua nusu ya panya wa maabara. Daraja la Ia, kali kuliko yote, ni chini ya miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa panya. Ib ni kati ya 5 na 50. Daraja la II linaishia 2000, na la III ni zaidi ya hapo. Chini kabisa kuna U, yaani zile ambazo hazitarajiwi kuleta madhara ya ghafla. Ile rangi mnayoiona chini ya lebo ndiyo inayotoka huku: nyekundu ni daraja la Ia na Ib, njano ni II, bluu ni III, kijani ni U. Ukijua hilo tu, umeshajua zaidi ya wanunuzi wengi.

Lakini rangi hizo zinasema habari ya leo tu. Zinapima kufa ghafla. Hazisemi chochote kuhusu miaka kumi ijayo. Mfano mzuri ni mancozeb, ule unga wa kuzuia ukungu unaoacha madoa meupe kwenye nyanya, nyanya ambazo sote tumezinunua sokoni. Kwa WHO ipo daraja la U, rangi ya kijani. Mkulima akiona kijani anajua ni salama kama maji. Ila mancozeb inapovunjikavunjika inatoa kemikali inayoitwa ETU, ambayo inavuruga tezi ya shingoni. Mwezi wa Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuendelea kuiruhusu, sababu mojawapo ikiwa ni kuvuruga homoni na kudhuru uzazi. Kijani chetu, kule kimetolewa kabisa.

Saratani nayo haionekani kwenye rangi. Mwaka 2015 kitengo cha saratani cha WHO, kile cha Lyon, Ufaransa, kilitangaza kwamba lindane inasababisha saratani kwa binadamu, na kwamba malathion, diazinon na DDT huenda zinasababisha. Glyphosate, kiuagugu kinachotumika kuliko vyote duniani, nacho kiliwekwa kwenye kundi hilo la "huenda", ingawa hapo mamlaka za Marekani na Ulaya zimekataa na mabishano hayajaisha. Sitaki kuwatisha kwa kila jina. Ninachosema ni kwamba mtu anayesoma rangi peke yake anasoma nusu ya barua.

Swali la pili: kwa nani? Mtoto wa miaka mitatu sio mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Anakula na kunywa zaidi kwa kila kilo ya mwili wake, anatambaa chini, kila kitu anaweka mdomoni, na ubongo wake bado unajengwa. Mwaka 1998 mtafiti Elizabeth Guillette na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa miaka 4 na 5 huko Sonora, Mexico, jamii moja ya Wayaqui: kundi moja waliishi bondeni ambako mashamba yalipuliziwa sana, kundi jingine waliishi milimani ambako viuatilifu vilikuwa vichache. Wakawaambia watoto wachore mtu. Wa milimani walichora mtu mwenye kichwa, macho, mikono na miguu. Wengi wa bondeni walichora mistari isiyoeleweka. Kwenye kudaka mpira, kukumbuka na kustahimili kuruka walikuwa nyuma pia. Michoro ile iko kwenye chapisho, mtu yeyote anaweza kuitazama, na ukishaitazama haikutoki.

Kuhusu chlorpyrifos, watafiti wa Columbia, New York, walifuatilia akina mama wajawazito na watoto wao. Mwaka 2011 walieleza kwamba watoto waliokutana na kemikali hiyo kwa wingi wakiwa tumboni walipata alama za chini za akili walipofika miaka 7. Ulaya iliiondoa mwaka 2020, na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiingiza kwenye orodha ya kemikali za kukomeshwa, japo matumizi fulani yameachiwa muda. Wakati huo wote mama zetu walikuwa wanapalilia nyanya wakiwa wajawazito siku moja baada ya kupuliziwa.

Swali la tatu: kwa muda gani? Pale Vikuge, wilaya ya Kibaha, palikuwa na ghala la viuatilifu vya zamani. Ghala limekwisha, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipopima udongo, na majani yanayoota pale, walikuta DDT na HCH. DDT ilimpa Paul Müller tuzo ya Nobel mwaka 1948, Marekani wakaipiga marufuku kwenye kilimo mwaka 1972, na hadi leo inajulikana kwa kukaa kwenye mafuta ya mwili na kupitia kwenye maziwa ya mama. Tunairithisha kama shamba la ukoo!

Haya, sasa tuje kwenye hiyo "matumizi salama".

Tulipokuwa kwenye mazoezi ya vitendo, kijiji kimoja cha Mvomero, tulimkuta mzee anapulizia bamia. Shati la mikono mifupi, kandambili, bomba la mgongoni linavuja, mgongo wote umelowa. Tukamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmekuja tena na yale ya glavu?"

Tukacheka, maana kweli ndiyo tuliyokuja nayo: glavu, miwani, barakoa, gambuti, ovaroli. Mzee akaweka bomba chini, akatuambia taratibu kabisa: "Mwanangu, hilo koti la mpira ukilivaa hapa saa saba mchana, joto litaniua kabla ya hiyo sumu yenu. Na hela ya kununulia vyote hivyo si ningenunua mbolea, au niwalipie watoto shule? Leteni dawa isiyohitaji kuvaa kama mtu wa mwezini."

Mzee yule hajasoma sera yoyote, lakini alichokisema kimeandikwa. Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lina kanuni za kimataifa za mwenendo kuhusu viuatilifu, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1985, na siku hizi zinasimamiwa pamoja na WHO. Zinasema wazi kwamba viuatilifu vinavyohitaji vifaa vya kujikinga visivyovalika kwa raha, vya bei kubwa, au visivyopatikana kirahisi, viepukwe, hasa kwa wakulima wadogo na vibarua wa nchi za joto. Soma tena hapo. Haisemi mkulima afundishwe zaidi. Inasema kitu hicho kisipelekwe kwake.

Na hapo kuna sayansi. Anayepulizia kwa bomba la mgongoni sehemu kubwa ya sumu inamwingia kwa ngozi kuliko kwa pua. Joto na jasho vinaifungulia njia. Kitambaa kilicholowa kinakuwa kama bandeji iliyopakwa sumu, ameivaa masaa manne. Kile kitambaa cha kufunga puani, ambacho wengi wanakiona ndiyo kinga, hakigusi njia kubwa.

Nikiwa kwenye duka moja la pembejeo, nimeona pia kitu ambacho mtu yeyote aliyeishi kijijini anakijua: sumu inapimwa kutoka kwenye chombo kikubwa na kumiminwa kwenye chupa ya soda. Mteja ana elfu mbili, chupa kamili ni elfu kumi na tano, afanyeje? Anaondoka na chupa isiyo na lebo, isiyo na rangi, isiyo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Somo letu lote la kusoma lebo linafia hapo mlangoni. Na chupa ikiisha inaoshwa, inawekwa mafuta ya taa, au maji, au mafuta ya kula.

Mnadhani natia chumvi? Tarehe 16 Julai 2013, jimbo la Bihar, India, watoto wa shule ya msingi walikula chakula cha mchana shuleni. Watoto 23 walikufa. Uchunguzi ulikuta monocrotophos kwenye mafuta ya kupikia, na maelezo ya maofisa yalikuwa kwamba mafuta yalihifadhiwa kwenye chombo kilichowahi kuwa cha kiuatilifu. Watoto walilalamika kwamba chakula kina ladha mbaya, wakaambiwa wale. Hakuna glavu ambayo ingewaokoa wale watoto. Kingewaokoa kitu kimoja tu: monocrotophos isiwepo kijijini.

Na inawezekana isiwepo. Hapa ndipo napenda watu watazame Sri Lanka. Miaka ya 1990 nchi ile ilikuwa na vifo vingi mno vya sumu za shambani, vingi vikiwa vya watu waliojidhuru wenyewe kwenye saa moja ya uchungu, sumu ikiwa pale pale nyumbani. Hawakuishia kwenye mahubiri. Mwaka 1995 waliondoa monocrotophos na methamidophos, mwaka 1998 wakaondoa endosulfan, na kati ya 2008 na 2011 wakaondoa paraquat, dimethoate na fenthion. Vifo vya kujiua, ambavyo mwaka 1995 vilikuwa kama 47 kwa kila watu laki moja, vilishuka hadi 24 ilipofika 2005, na vikaendelea kushuka. Watu hawakuacha kuwa na matatizo. Ila aliyepitiwa na giza siku moja alikuta kitu ambacho hospitali inaweza kukitibu, akapona, akaishi. Na mavuno? Watafiti waliangalia, hawakuona yameanguka kwa sababu ya marufuku hizo.

Ngoja nimalize na ya upande wa pili nisije nikaitwa mwongo. Sri Lanka hiyo hiyo, mwezi wa Aprili 2021, serikali ya Rais Gotabaya Rajapaksa ilizuia kuingiza mbolea zote za viwandani na viuatilifu vyote kwa mpigo. Mavuno ya mpunga yakaporomoka, wakulima wakaandamana, na kufika Novemba wakarudi nyuma. Kwa hiyo sisemi tuamke kesho tufunge maduka yote. Kuondoa sita zilizo kali, moja baada ya nyingine, huku mkulima akipewa mbadala, kuliokoa maelfu. Kufuta kila kitu kwa usiku mmoja kuliwaletea njaa. Nchi ile ile imetupa masomo mawili, tuchukue la kwanza, tukumbuke la pili.

Mtasema, na kantangaze je? Kweli, tangu huyo nondo aingie nchini mwaka 2014 wakulima wa nyanya wamelia, na jina walilompa linatosha: anakumaliza mpaka mtaa mzima unatangaziwa. Lakini angalieni kilichofuata. Watu walichanganya sumu mbili, tatu, nne kwenye bomba moja, wakapulizia mara mbili kwa wiki, na kantangaze bado yupo. Mabuu yake yanakaa ndani ya jani na ndani ya tunda, na wadudu wa aina yake huzoea sumu haraka. Mitego ya harufu ya kuwanasa madume, kuchoma masalia ya zao, kutopanda nyanya juu ya nyanya, nyavu kwenye vitalu, hizo ndizo zinazofundishwa darasani kwetu. Mbona tukifika kijijini tunaanza na bomba?

Kitu kimoja kinaniuma zaidi. Kenya kulikuwa na carbofuran, wengi wanaijua kwa jina la Furadan, daraja la Ib. Kule Bunyala watu walikuwa wanaitega kuua ndege wa majini, na nyama inauzwa. Hiyo haikutikisa wakubwa. Habari za simba kutiliwa sumu hiyo ziliporushwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 2009, kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ikaiondoa kwenye soko la Kenya. Nawapenda simba, sina ugomvi nao. Ila mkulima naye anahitaji mtu wa kumtetea bila kusubiri afe mnyama wa kitalii.

Sasa basi, napendekeza nini? Sheria tunayo: Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ndiyo iliyoanzisha TPHPA, mamlaka yenye makao Arusha inayosajili viuatilifu nchini. Usajili ndipo mlango ulipo. Kwanza, zote za daraja la Ia na Ib zisiwe mikononi mwa mkulima mdogo, kwa utaratibu wenye tarehe. Pili, paraquat na nyingine ambazo daktari hana kitu cha kuzipinga nazo zifuate. Paraquat inakaza mapafu polepole mgonjwa akiwa na akili zake timamu, na Ulaya haijairuhusu tangu 2007. Tatu, kampuni zilazimishwe kufungasha vipimo vidogo vya bomba moja vyenye lebo ya Kiswahili, maana biashara ya chupa za soda haitaisha kwa kuwakemea maskini. Nne, kila kituo cha afya chenye wakulima kiwe na atropini, ambayo ndiyo inayotumika dhidi ya oganofosfeti na kabameti, sindano ya siku nyingi na sio ya bei ya kutisha.

Wakati tunasubiri, mjue haya kwa sababu yanaokoa mtu leo. Sumu ikimwagikia mwilini, vua nguo zote, osha kwa maji mengi na sabuni, usione haya. Mtoe mtu kwenye hewa safi. Usimtapishe kwa nguvu. Maziwa hayaondoi sumu, huo ni uzushi, tena kwa baadhi ya sumu mafuta yake yanasaidia kuiingiza mwilini. Mkimbize hospitali na BEBA CHUPA au lebo, maana daktari asiyejua ni sumu gani anatibu gizani. Na nyanya zioshwe vizuri, ingawa zile sumu zinazopenya ndani ya mmea haziondoki kwa kuosha, hizo zinahitaji mkulima asubiri siku zilizoandikwa.

Mwakani mimi na wenzangu tunamaliza. Baadhi yetu tutapewa kata, tutaitwa bwana shamba na bibi shamba, na mzee kama yule wa bamia atakuja kuuliza apulizie nini. Tutakachomjibu ndicho atakachokipumua. Mimi nimeshaamua, sitamwambia "mzee piga dawa hii". Nitamwambia, "Mzee, hii ni sumu. Tuangalie kwanza kama tunaweza kufanya bila hiyo." Ataniona mgeni wa ajabu siku ya kwanza. Afadhali anione wa ajabu kuliko nimwone kwenye machela.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti akaribie, tubishane kistaarabu.